Nani Aliwaudhi Nyuki?

Kila Alhamisi Wangechi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumaliza zamu ya kufagia darasa, na msidhani alipenda kufagia. Alhamisi ilikuwa siku ya nyuki. Kengele ya jioni ikilia, wenzake wa Gredi ya Saba walikimbilia uwanja wa mpira, naye akashika njia ya nyuma ya shule, hadi penye mizinga miwili iliyowekwa juu ya vigingi karibu na ua wa waya.

Shule yao ilikuwa pembeni mwa mji wa Nanyuki, pale nyumba zinapokwisha na nyasi kavu kuanza. Nje ya ua kulikuwa na njia nyembamba. Wachungaji waliipitia na mbuzi wao wakienda malishoni, na siku za soko wakienda mnadani, bila kukanyaga barabara kuu yenye malori. Mbuzi walipita pale miaka na mikaka, hata kabla ya mizinga kuletwa.

Msichana huyu alikuwa na maswali mengi kuliko majibu yaliyopo duniani. Mwalimu Munene, aliyefundisha sayansi na kusimamia chama cha wafuga nyuki, alimbandika jina la Mama Kwa Nini.

"Mwalimu, kwa nini moshi huwatuliza nyuki, na mimi moshi hunitoa machozi tu?" aliuliza siku moja.

"Swali zuri, Mama Kwa Nini. Nyuki hana pua kama yako. Hunusa kwa vile vipapasio viwili vilivyo kichwani. Moshi ukimfikia, vipapasio hufifia, na harufu nyingine hazimfikii vizuri. Ni kama wewe ukiwa na mafua. Jirani anakaanga vitunguu, wewe huna habari."

"Na hayo mafua yake huisha lini?"

"Hayakawii. Upepo ukiondoa moshi, baada ya muda mfupi vipapasio huamka tena, naye hunusa kama kawaida."

Jambo la pili alilowafundisha lilikuwa kubwa zaidi, na aliligeuza kuwa sheria ya chama. Nyuki akimuuma adui, huacha mwiba wake, na pamoja na mwiba huacha harufu. Harufu hiyo huwaita wenzake: adui yuko hapa, njooni. Kwa pua ya binadamu hunukia kama ndizi iliyoiva sana. Ndiyo maana chama kilikuwa na sheria isiyo na mjadala. Aliyevaa vazi la nyuki analifua, na analifua siku hiyo hiyo.

Chama kilikuwa na vazi moja tu la wanafunzi, jeupe, lenye kofia ya wavu na glavu nene, kwa hiyo walilivaa kwa zamu. Wanachama walikuwa wachache, na kati yao alikuwamo Hodo, rafiki wa Wangechi tangu chekechea. Hodo alikuwa binti wa Mzee Barre, mfanyabiashara wa mifugo aliyejulikana mji mzima. Walikaa dawati moja, wakagawana kalamu, na wakigombana hawakumaliza siku kabla ya kupatana. Mwezi uliotangulia baba yake Hodo alimpa kitoto cha mbuzi kiwe chake mwenyewe. Hodo alikiita Chai, kwa kuwa rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa.

Basi Alhamisi hiyo ilikuwa zamu ya Wangechi kuvaa. Alijiona mkubwa ndani ya vazi lile, hata akaanza kutembea kwa madaha. Mwalimu Munene, aliyekuwa na vazi lake mwenyewe, alipuliza moshi, kisha akamwambia ainue kifuniko cha mzinga polepole. Polepole si jambo Wangechi alilozaliwa nalo. Kifuniko kilimponyoka, kikawabana nyuki kadhaa, na wengine wakarukia glavu na kuchoma miiba yao humo. Yeye hakuumia hata kidogo. Mwalimu aliongeza moshi, nyuki wakatulia, kazi ikaendelea.

"Umeona ilivyo hiyo glavu?" mwalimu alimwambia walipomaliza. "Imejaa miiba. Ifue leo leo, wewe na sabuni. Si kesho."

"Sawa, Mwalimu."

Alilibeba vazi lote nyumbani ndani ya ndoo yenye mfuniko. Nia ilikuwepo, tusimsingizie. Lakini jioni hiyo upepo wa mlimani ulishuka, na maji ya mfereji yalikuwa baridi ya kukata vidole. Wangechi alichovya kidole kimoja, akakitoa. Akajiambia atafua baada ya kumaliza kazi ya ziada. Baada ya kazi ya ziada akajiambia atafua baada ya chakula. Mama yake, aliyekuwa amechoka na shughuli za kibanda chake cha mboga, hakujua hata kuna ndoo nyuma ya mlango. Usingizi ukamchukua Wangechi na viatu vyake miguuni.

Asubuhi aliifunua ndoo, na harufu ya ndizi ikampiga usoni. Aliinama akanusa tena. Ilikuwa bado ipo, lakini imepungua. Akaichukua glavu, akaiweka karibu kabisa na pua, akanusa, akanusa, akanusa. Hakusikia kitu. Aliligeuza vazi upande huu na upande ule, akalinusa kwapani na shingoni. Hakuna ndizi, hakuna chochote.

"Imeisha yenyewe," alijiambia, na moyo wake ukawa mwepesi kabisa.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo angelijutia. Alichota maji kwa kiganja, akalinyunyizia vazi mpaka likawa na umajimaji, na alipofika shuleni akalianika juu ya ua wa waya, hatua chache kutoka kwenye mizinga, ili kila mtu alione likikauka. Mwalimu Munene alipita na kikombe chake cha chai mkononi.

"Umefua?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Safi sana."

Uongo wenyewe ulikuwa mfupi hivyo. Ulimtoka mdomoni kwa urahisi, naye akaenda darasani akiwaza hesabu.

Jua la Nanyuki likishatoka mawinguni huwa halina huruma. Kufikia saa sita lilikuwa linawaka, na vazi pale uani likakauka na kupata moto. Darasa lilikuwa katikati ya somo la Kiswahili waliposikia mbuzi wakilia nje, kilio kisicho cha kawaida. Wote walikimbilia madirishani. Abdirashid, kaka mkubwa wa Hodo, alikuwa njiani nje ya ua, amejifunika shuka kichwani, anakimbia na kuwafukuza mbuzi mbele yake, na hewa yote kumzunguka ilikuwa nyuki.

"Fungeni madirisha. Mtu asitoke," mwalimu wa Kiswahili alisema.

Lakini Hodo alikuwa ameshaona kitu. Kitoto kimoja cha mbuzi kilikuwa kimeingiza kichwa katikati ya nyaya za ua na kushindwa kukitoa. Kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kabla mtu hajamshika, Hodo alikuwa nje ya mlango.

Mwalimu Munene alimfuata akiwa amevaa vazi lake, na bomba la moshi mkononi, akamrudisha Hodo darasani kwa kumbeba. Jicho moja la Hodo lilikuwa limeanza kufura. Nyuki walichukua muda kutulia. Walipotulia, Chai alikuwa amekufa pale pale kwenye waya.

Hodo hakulia kwa sauti. Alikaa kwenye dawati lao, kitambaa chenye maji baridi kikiwa juu ya jicho, na Wangechi akakaa kando yake bila kujua aweke wapi mikono yake. Alilitazama vazi jeupe kupitia dirishani. Lilikuwa na madoadoa meusi yanayotembea. Alijua ni nini, na akageuza uso.

Jioni wanafunzi wote waliitwa kwenye gwaride. Mwalimu mkuu, Bi. Wacera, alikuwa mama mkali lakini mwenye kuwapenda wanafunzi, na siku hiyo alikuwa ameogopa kweli kweli. Mtu akiogopa hutafuta wa kumlaumu upesi.

"Nyuki hawapendi harufu ya mbuzi, na hawapendi kelele," alisema. "Leo tumepona kwa neema ya Mungu. Kuanzia Jumatatu, hakuna mbuzi atakayepita nyuma ya shule hii. Hodo, umwambie baba yako hivyo. Na wewe mwenyewe ni mwanachama wa nyuki, ulipaswa kuwaonya watu wa nyumbani kwenu mapema."

Nyuma ya mstari mvulana mmoja alishika pua yake, akamtazama Hodo, na wenzake wakacheka chini chini. Hodo aliinamisha kichwa. Wangechi alikuwa amesimama karibu naye. Neno moja tu lingetosha. Hakulisema.

Walipokuwa wakitoka langoni Hodo alisema, kama anayejisemea, "Sasa watapita barabara kuu. Na siku zisizo za shule anayetembea nyuma ya mbuzi ni Abdinasir wetu. Huyo mtoto akiona lori husimama kulishangaa."

Abdinasir alikuwa mdogo wake Hodo, wa Gredi ya Kwanza. Wangechi alitikisa kichwa tu, akasema mama yake anamngoja kibandani.

Usiku huo chakula, githeri ya mahindi na maharagwe, hakikupita. Mama alimgusa paji la uso kwa nyuma ya mkono.

"Unaumwa?"

"Tumbo tu, Mum."

Huo ukawa uongo wa pili, na ulimtoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Jumamosi asubuhi Mwalimu Munene aliwaita wanachama wote wa nyuki shuleni. Hodo naye alikuja, jicho limefumba kabisa, mkononi amebeba gunia kuukuu alilokuwa ameambiwa alete.

"Jana nimelala nikiwaza," mwalimu alisema. "Mbuzi wamepita hapo kila siku. Kama harufu yao huwaudhi nyuki, kwa nini iwe jana tu? Mwalimu mkuu ameamua kwa ajili ya usalama, na simlaumu. Lakini sisi tunasoma sayansi. Kukisia si kazi yetu. Leo tutawauliza nyuki wenyewe."

Mpango ulikuwa rahisi. Angevaa vazi lake, achukue mwanzi mrefu, na kuning'iniza kitu kimoja kimoja mbele ya mizinga, huku wanafunzi wakitazama kutoka darasani, madirisha yakiwa yamefungwa. Kwanza kitambaa safi. Kisha gunia ambalo mbuzi wa kwa kina Hodo hulalia.

"Na lile vazi?" Hodo aliuliza. "Jana lilikuwa limeanikwa uani."

Wangechi alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Wangechi alilifua," mwalimu alijibu. "Hata hivyo sawa, tujaribu glavu pia. Hatuna cha kupoteza."

Alitoka nje, na kama ilivyokuwa desturi yake kila anapokaribia mizinga, alianza kwa kupuliza moshi wa kutosha. Halafu akaning'iniza kitambaa. Nyuki hawakujali. Akaning'iniza gunia la mbuzi. Hawakujali. Akaning'iniza glavu. Wangechi alifumba macho. Alipoyafumbua, glavu ilikuwa inabembea kwenye mwanzi kama nguo yoyote, na nyuki wanaingia na kutoka mizingani na shughuli zao.

Alivuta pumzi ndefu. Kumbe si yeye. Kumbe harufu iliisha kweli, na huzuni yote ya jana ilikuwa ya bure.

Mwalimu alirudi, akavua kofia. Uso wake ulionyesha amechoka. "Basi hatujui. Si mbuzi, si nguo, au pengine ni kitu ambacho hatukukifikiria. Siwezi kumwendea mwalimu mkuu na mikono mitupu. Njia itabaki imefungwa."

Hodo alianza kulikunja gunia lake. Alilikunja kwa uangalifu, mara mbili, mara tatu, bila kumtazama mtu.

Na hapo, katika kichwa cha Wangechi, lile swali lake la kila siku likainuka bila kuombwa. Kwa nini? Kwa nini nyuki hawakugeuka hata kidogo, hata kwa lile gunia linalonuka kwa mbali? Jibu alikuwa nalo, alikuwa amelipata kwa mdomo wa mwalimu mwenyewe. Moshi. Nyuki walikuwa wamepulizwa moshi. Muulize mtu mwenye mafua makali kama kuna harufu, kisha useme amekujibu. Na jana, mbuzi walipopita, hapakuwa na moshi wowote.

Aliwatazama wenzake. Hakuna aliyelifikiria. Mwalimu mwenyewe alikuwa amefanya kwa mazoea tu. Akinyamaza, mambo yatakwisha hapa, na hakuna mtu atakayejua chochote milele. Akisema, jaribio litarudiwa, na huenda glavu ikamuumbua mbele ya wote. Aliogopa, na aliona aibu, na bado, mkiamini msiamini, alitaka kujua.

"Mwalimu," alisema, "hatujawauliza vizuri. Tumewapa mafua kwanza."

Mwalimu Munene alijipiga kofi pajani. "Ndiyo. Ndiyo kabisa. Nimefanya kosa la mwanafunzi wa chekechea."

Walikaa darasani wakasubiri upepo ufanye kazi yake. Mwalimu hakulibeba bomba la moshi mara hii. Aliweka gunia la mbuzi. Nyuki wawili watatu walitua juu yake, wakatembeatembea, wakaondoka. Kisha akaiweka glavu.

Kwanza alikuja mmoja. Kisha kumi. Kisha wakamiminika kutoka mzingani, na glavu nyeupe ikageuka nyeusi mbele ya macho yao, huku mwanzi ukitikisika mkononi mwa mwalimu. Aliuacha pale chini na kurudi kwa hatua za taratibu, akizunguka mbali ili nyuki wasimfuate.

Wangechi hakungoja kuulizwa. Alijua akingoja, maneno yatapotea tena kama yalivyopotea kwenye gwaride.

"Sikulifua," alisema. "Nilinyunyizia maji tu. Nikakudanganya, Mwalimu. Nikaanika pale, na mbuzi wakapita." Aligeuka. "Hodo, Chai amekufa kwa sababu yangu."

Hodo alimtazama kwa jicho lake moja. Akalichukua gunia lake, akaliweka chini ya kwapa, akatoka nje akaenda zake. Hakuna neno lililoweza kuuma kuliko kule kuondoka.

Mwalimu Munene alivuta kiti akakaa mbele ya Wangechi. Hakupaza sauti. "Ulijua ni hatari?"

"Niliinusa kwanza, Mwalimu. Mwanzoni ilinuka ndizi. Nikanusa tena na tena, haikunuka. Nikadhani imeisha. Kwa nini ilinuka kwa nyuki na kwangu haikunuka?" Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini swali lilitoka hivyo hivyo.

"Kwa sababu ulinusa bila kupumzika. Pua hupewa harufu moja kwa muda mrefu, ikaizoea, ikaacha kukuambia. Harufu ipo, wewe ndiye huisikii. Hata wadudu wako hivyo. Vipapasio vikikaa ndani ya harufu moja isiyokatika, huchoka kutoa habari. Umewahi kumwona nondo akifuata harufu usiku? Haendi moja kwa moja. Hupindapinda, anatoka kwenye harufu, anaingia tena. Akitoka, vipapasio hupumzika, na akiingia huamka upya. Wewe ungeweka ndoo chini, utoke nje kidogo, kisha urudi kunusa. Lakini ulikuwa unataka iwe imeisha, kwa hiyo hukutoka."

Alisimama. "Sasa twende nyumbani kwa Mzee Barre. Tutampitia mama yako kibandani. Mimi nitasindikiza tu. Atakayesema ni wewe."

Nyumba ya kina Hodo ilikuwa katika mtaa wa Majengo. Mama yake Hodo aliwakaribisha kwa chai ya maziwa yenye iliki, kabla hata ya kujua wamefuata nini, na ukarimu huo ulimzidishia Wangechi uzito. Mzee Barre alikaa kwenye mkeka, kofia yake kichwani, akamsikiliza tangu mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza. Mama yake Wangechi alikuwa ameuinamia mkoba wake, na alipomaliza mtoto, akasema kwa sauti ndogo, "Baba Hodo, utuwie radhi. Tuambie mbuzi tutamlipa vipi."

Mzee Barre alitikisa kichwa. "Mama Wangechi, mbuzi hufa. Mimi nawauza na kuwachinja, siwezi kusema sijui kifo cha mbuzi. Lakini mtoto wangu alidharauliwa mbele ya shule nzima. Watu walishika pua. Hilo halilipwi kwa mbuzi." Akamgeukia Wangechi. "Ulinyamaza wapi?"

"Kwenye gwaride, Mzee."

"Basi useme pale pale uliponyamaza."

Hodo hakutoka chumbani. Wangechi alimsikia akikohoa nyuma ya pazia.

Jumatatu bendera ilipandishwa, na wanafunzi wakabaki wamesimama mistari mistari, baridi ikiwauma masikio. Mzee Barre alikuwa amealikwa, na alisimama kando ya walimu na fimbo yake. Wangechi alipanda jukwaani. Alikuwa amejifunza maneno mazuri usiku kucha na yote yakamkimbia, kwa hiyo alisema yale yaliyobaki.

"Si mbuzi waliowaudhi nyuki. Ni mimi. Vazi lilikuwa na harufu ya miiba, sikulifua, nikasema nimelifua. Hodo alipoambiwa ni kosa lake, nilikuwa nimesimama karibu naye, nikanyamaza. Hodo, nisamehe. Na nyinyi mliocheka, mlimcheka mtu asiyehusika."

Yule mvulana wa nyuma ya mstari alianza kuchunguza viatu vyake.

Bi. Wacera alishika kipaza sauti. "Na mimi nina yangu. Nilihukumu kabla ya kuuliza. Hodo, mwalimu mkuu wako anakuomba radhi. Njia iko wazi tangu leo, na mizinga tutaihamishia upande wa chini, mbali na ua. Mzee Barre, karibu utuambie neno."

Mzee Barre alisogea mbele, akawatazama watoto, akatabasamu.

"Mimi nakaa na mbuzi tangu alfajiri," alisema. "Mkiniuliza kama nanuka mbuzi, nitawaambia hapana, na nitaapa, kwa sababu mimi sisikii harufu yoyote. Lakini nikifika nyumbani, kabla sijavua viatu, mke wangu ananiambia, Barre, nenda ukaoge."

Gwaride zima lilicheka, walimu wakiwa wa kwanza. Aliwangoja watulie.

"Haniambii kwa kunichukia. Ananiambia kwa sababu pua yangu imeshazoea, yake bado. Sasa sikilizeni, watoto wangu. Uongo nao ni hivyo. Ule wa kwanza unanuka, unausikia mwenyewe, hata chakula hakipiti. Ukikaa nao, unauzoea. Wa pili haunuki sana. Wa tatu huusikii kabisa, unasema mimi ni msafi. Lakini wengine wanaumia kwa harufu usiyoisikia. Huyu binti alikuwa na nafasi ya kunyamaza, hakuna aliyekuwa anamshuku. Akatoka nje ya harufu yake, akarudi, akainusa upya. Ni jambo gumu, hata sisi wazee linatushinda. Fuateni ugumu huo. Na ukiwa na mtu wa kukuambia nenda ukaoge, usimkasirikie."

Mistari ilivunjika kuelekea madarasani. Wangechi alikwenda kukaa kwenye dawati lao, akiwa amejibana pembeni, asijue kama bado ni lao. Hodo aliingia, jicho limeanza kufunguka. Alisimama kidogo. Kisha akaketi mahali pake, akafungua mkoba, na wakamaliza somo zima la hisabati bila kusemezana.

Kengele ilipolia, Hodo alizungumza akiwa anaangalia mbele.

"Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Vazi liko wapi?"

"Nimelichukua. Nitalifua leo, maji yawe baridi namna gani."

Hodo alifunga mkoba wake. "Nitakuja kwenu jioni," alisema. "Wewe utafua, na mimi ndiye nitakayenusa. Pua yako siiamini."

Wangechi aliitikia kwa kichwa, akaacha kujibana pembeni.